Mama akifariki unamkumbukaje? Haya ndo niliyofanya kwa mama yangu

Pole sana mdogo wangu. Nimesoma ulichoandika mpaka mwisho, kwamba mama ameondoka miezi michache iliyopita, kwamba ndiye aliyekulelea watoto wakati wewe unahangaika na kazi, watu wamesharudi makwao, simu za pole zimekata, na kinachokutisha saivi ni kwamba sauti yake inaanza kukutoka kichwani. Umeuliza vitu vitatu, unamkumbukaje mtu kama huyo bila kila mara kuishia kwenye machozi, watoto uwaambie nini, na kama ufute namba yake kwenye simu. Mimi mama yangu alifariki miaka kadhaa imepita, alikuwa bibi wa wanangu na wa watoto wa ndugu zangu wote, kwaiyo naongea nilichopitia, pale ambapo nimesoma mahali nitasema. Nitaandika marefu, mtanivumilia.

Kwanza achana na wanaokupigia hesabu. Kuna mchangiaji hapo juu amekwambia huzuni ina hatua tano, wewe uko ya tatu bado mbili umalize. Zile hatua tano alizileta daktari wa magonjwa ya akili, Elisabeth Kübler-Ross, mwaka 1969, na alizipata kwa kukaa na wagonjwa ambao wao wenyewe walikuwa wanaelekea kufa, hakuwa anawapangia ratiba waliobaki nyuma. Mimi sikupita hatua yoyote kwa foleni. Asubuhi nilikuwa nacheka na watu kazini vizuri kabisa alafu mchana namuona mama wa watu anavuka barabara na mkoba kwapani vilevile alivyokuwa anabeba wa kwangu, basi siku imeisha hapo. Nilijiona mnafiki, inakuaje nacheka wakati mama yangu yuko chini ya udongo. Baadae nikaja kusoma kwamba watafiti wawili, Margaret Stroebe na Henk Schut, mwaka 1999 waliandika kuhusu hichohicho, kwamba mfiwa anakwenda na kurudi, saa hii yuko kwenye msiba saa ijayo yuko kwenye ada za shule na bomba linalovuja, na kule kwenda na kurudi ndo namna yenyewe ya kupona. Kwaiyo siku ukicheka cheka tu, hujamsaliti mtu.

Na wale wanaokwambia "msahau, muache apumzike, endelea na maisha" wana nia nzuri ila wanakudai kitu ambacho hata wataalamu walishaacha kukidai. Zamani iliaminika kwamba lazima ukate kamba na marehemu ndo upone. Mwaka 1996 Dennis Klass na wenzake wakaonesha kwamba watu wengi tu wazima wa akili wanaendelea kuwa na uhusiano na waliokufa, wanaongea nao kimoyomoyo, wanajiuliza "mama angesemaje hapa", na maisha yanaenda. Mimi mpaka leo nikitaka kununua kitu cha bei nauliza kimoyomoyo na jibu nalijua, ni "cha nini?"

Haya tuje kwenye sauti maana hiyo haisubiri. Simu yake iko wapi? Naomba leo hiihii ujue iko kwa nani. Kwetu kaka mkubwa alishataka kumpa mpwa wetu, kijana hana simu na ile inakaa tu kabatini, na alikuwa na hoja. Nikasema sawa ila nipeni kwanza. Humo ndani kulikuwa na voisi alizokuwa anatuma kwa kila mtu, na nyingine alizokuwa ameanza kurekodi akashindwa kuzimalizia akazituma hivyohivyo. Kuna moja naipenda kuliko zote, inaanza kimya, unasikia pumzi tu, alafu anamuuliza mtu pembeni "hii imewaka?", anajibiwa imewaka bibi, anasema "haya", anakohoa, anaita jina langu lote mpaka la ukoo kana kwamba ananiandikia barua ya serikali, alafu ghafla anamgeukia mtoto "wewe shuka hapo juu! shuka nasema!", kiti kinaburuzwa, kimya tena, mwisho anasema "nilikuwa nataka kukwambia nini vile... basi nitakupigia." Haina ujumbe wowote. Kama ningeulizwa nichague kati ya hiyo na picha zote za harusi ambazo amepambwa amekaa wima kama kaambiwa asipumue, nachukua hiyo.

Kwaiyo fanya hivi. Voisi zitoe kwenye programu ya meseji uzihifadhi kama mafaili ya kawaida, weka kwenye kompyuta, weka kwenye fleshi, weka kwenye akaunti ya mtandaoni, na mtumie ndugu mmoja ambaye unajua hapotezi vitu. Usitegemee kwamba zipo kwenye simu yako, simu inaibiwa, inaingia maji, ukibadilisha bila bakapu zimekwenda. Waombe na ndugu wengine walizotumiwa wao, hapo ndo utashangaa, maana kila mtu alikuwa anaongeleshwa kivyake. Video zile ambazo yeye wala sio mhusika, za mtoto anacheza au sherehe ya mtu mwingine, zisikilize hadi mwisho, mara nyingi yeye ndo yule anayeongea nyuma ya kamera. Kama alikuwa na ukurasa Facebook, familia mnaweza kuomba ugeuzwe kuwa wa kumbukumbu kwa kuonesha uthibitisho wa kifo, hapo hakuna mtu atakayeweza kuingia kama yeye tena. Na nyie mlio hai mnaosoma, Facebook tangu 2015 unaweza kuteua mtu atakayesimamia ukurasa wako ukifa, Google wana mpangilio wa namna hiyo tangu 2013, ni dakika chache tu, fanyeni muwapunguzie watoto wenu kuhangaika na neno la siri la marehemu.

Picha za karatasi nazo, andika majina nyuma kwa penseli laini taratibu, kalamu ya wino inapenya na kuchafua ya chini yake. Zile albamu za zamani zenye gundi kurasa nzima na nailoni juu zinakula picha, zitoe kama bado zinatoka bila kuchanika, na kama zinagoma zipige picha hapohapo zilipo kabla hujaanza kuvuta. Jua na unyevu ndo maadui. Ila la haraka zaidi ni majina. Wale wanaojua yule mdada wa tatu kutoka kushoto ni nani nao ni wazee, na hawatakusubiri.

Sasa hapa ndo nilipotaka kufika. Mama asigeuzwe malaika. Nasema hivi kwa heshima zote. Kwenye msiba kila aliyesimama alisema alikuwa mpole, mcha Mungu, mkarimu, alipenda watu wote, hana baya. Tukawa tunaitikia. Mimi nikawa nimekaa pale nasikiliza na nahisi kabisa mtu wangu anazidi kupotea, kwasababu huyo waliyekuwa wanamsema angeweza kuwa mama wa mtu yeyote pale. Usiku tulipobaki wenyewe watoto wake, dada yetu mkubwa akatulia weee alafu akasema "lakini jamani tusidanganyane, mama alikuwa mkali." Tulicheka mpaka mtu akaja kutuangalia kama tuko sawa. Hapo ndo stori zikaanza, na hapo ndo nikahisi amerudi ndani ya nyumba.

Alikuwa mkali, na hakuwahi kusema samahani hata siku moja. Akikukosea, na yeye anajua amekukosea, ananyamaza, inapita nusu siku, alafu unasikia unaitwa kwa jina la utotoni ambalo hakuna anayelitumia tena, na unatumwa kitu kidogo tu cha kipuuzi, niletee ule mkasi, nifunguliepo hilo dirisha. Ukimpelekea anapokea, anakuangalia kidogo, anasema "umekonda wewe." Hapo ujue yameisha. Tulikuja kugundua usiku ule kwamba wote tumepitia huo mkasi na hilo dirisha, kila mtu alidhani ni yeye tu.

Alikuwa na mtoto anayempenda kuliko wengine na akiulizwa anakana kwa kiapo. Alikuwa anapiga simu anaanza na "sina shida, nimekupigia tu", ukisikia hivyo vuta kiti. Akikusindikiza mlangoni mnaagana, mnafika nje mnaagana tena, unafika barabarani bado ana jambo. Shuka mpya alizificha kwa ajili ya wageni, wageni wenyewe hatuwajui mpaka leo, tumezikuta kwenye mifuko yake na karatasi zake za dukani. Miwani yake mkono mmoja ulishavunjika akaufunga na uzi mweusi, tukamnunulia mpya, akashukuru sana, akaiweka kabatini, akaendelea na ya uzi. "Hii inaona vizuri tu."

Nimeandika hivi vyote kwenye daftari na nakushauri uandike wako mapema kabla hujaanza kuvisimulia sana. Kumbukumbu ni kama nguo, kila ukiifua rangi inahama kidogo. Mwanasaikolojia mmoja Mwingereza, Frederic Bartlett, alishaandika hayo mwaka 1932, kwamba mtu anapokumbuka huwa anaijenga stori upya, hachomoi kitu kizima kilichohifadhiwa. Mwaka wa kwanza wa msiba watu wanasimulia mno, na kila mara stori inasafishwa, makali yanatolewa, baada ya muda mnabaki na yule wa kwenye hotuba. Andika maneno yake kama alivyoyasema, na matusi yake madogo pia kama alikuwa nayo. Wa kwangu alikuwa nayo.

Alafu waulize watu, ila usiwaulize "mama alikuwaje?", ukiuliza hivyo utapewa hotuba ileile. Uliza ukimkasirisha alikuwa anafanyaje. Uliza aliogopa nini. Uliza mara ya mwisho mlicheka naye kuhusu nini. Uliza kabla hajawa mama wa mtu alikuwa anafanya nini siku nzima. Mimi nilimfuata rafiki yake wa utotoni, bibi mmoja ambaye tulizoea kumsalimia tu na kupita, nikakaa naye, mwanzo alinipa yale ya msibani, nikamuuliza "shikamoo zote nimeshakupa mama, sasa niambie ukweli, mlikuwa mnafanya utundu gani?" Akacheka akajifunika uso. Kumbe mama yangu, huyuhuyu aliyekuwa akitukuta na barua ya mvulana anaichana mbele yetu, usichanani wake ndo alikuwa mwandishi wa barua za mapenzi wa wenzake wote kwasababu mwandiko wake ulikuwa mzuri. Walikuwa wanamletea karatasi anawaandikia, na majibu yakija anayasoma yeye kwanza. Mkali wetu! Niliondoka pale nimempata mtu ambaye sikuwahi kuishi naye. Yule bibi naye ameshafariki sasa, nisingemfuata wakati ule hiyo stori ya barua ingekwenda naye.

Kuna wanaosema kutaja mapungufu ya marehemu ni kumvunjia heshima. Inategemea unayataja kwa nani na kwa nini. Kama mama alikuumiza kweli, na wapo wanaosoma hapa mama zao waliwaumiza kweli, basi una haki ya kulia na kukasirika kwa pamoja, hakuna anayekulazimisha uandike sifa tupu. Mimi naongelea mapungufu yale ya kawaida ya binadamu anayekupenda. Hayo ukiyatoa hujabakiza mtu.

Jingine, mama uliyekuwa naye wewe na bibi waliyekuwa naye watoto wako ni watu wawili tofauti, usiwalazimishe wawe mmoja. Kwangu alikuwa kiboko, kwa wanangu alikuwa mwanasheria wao. Nikimgombeza mtoto anakimbilia nyuma ya gauni la bibi yake na yule mama aliyenichapa kwa kuvunja kikombe ananiambia mimi "we mwache mtoto, kikombe ni nini?" Nilikuwa naona wivu, nasema ukweli. Sasa wanangu wakimkumbuka wanamkumbuka huyo wa gauni, na nikijaribu kuwaambia bibi yenu alikuwa mkali wananiangalia kama nimewatukania mtu. Nimeacha. Wa kwao ni wa kwao.

Watoto uwaambieje. Tumia neno lenyewe, amekufa. Ukimwambia mtoto mdogo bibi amelala, usishangae akianza kuogopa kulala. Ukimwambia amesafiri atamsubiri, na atajiuliza mbona hakuniaga. Watoto wengi walio chini ya miaka 5 hawaelewi kwamba kifo hakirudi nyuma, wengi wanaanza kushika hilo kati ya miaka 5 na 7, kwaiyo akikuuliza leo, kesho, na keshokutwa "bibi anarudi lini" hakusumbui makusudi, jibu vilevile kila mara kwa utulivu, mwili wa bibi umeacha kufanya kazi, hapumui, haumwi, hawezi kurudi. Baada ya hapo ongeza imani ya nyumba yenu, kila mtu na yake, ila hilo la mwili liwe la kwanza. Na mtoto anaomboleza vipande vipande, analia dakika kidogo alafu anaomba mpira, usiseme "huyu hajali." Chini ya maswali yake yote kuna matatu ambayo huenda hatayatamka, je ni mimi nimesababisha, je na mimi nitakufa au mama atakufa, je nani atanitunza sasa. La tatu kwa mtoto aliyelelewa na bibi ni zito kuliko unavyodhani. Mwambie kwa majina, asubuhi atakuwa nani, akitoka shule atamkuta nani, akiumwa nani atakaa naye.

Wangu mdogo alikaa kimya wakati wote wa msiba, baada ya watu kuondoka ndo akaja jikoni akasimama, akaniuliza "miwani yake mmemuwekea?" Miwani iko kabatini, ile ya uzi. Nikamwambia hatujamuwekea. Akaanza kulia, sasa ataonaje? Nilitaka kumpa jibu la haraka la kumnyamazisha, nikakaa chini kwanza, nikamwambia macho ya bibi yamepumzika kama mwili wote ulivyopumzika, hayahitaji miwani tena, na miwani tumebaki nayo sisi. Akauliza tunaweza kuiona. Tukaenda tukaitoa, akaivaa, akasema inaumiza macho, akairudisha mwenyewe kwenye boksi lake. Kumbe hilo ndo lilikuwa limemkaa siku zote hizo. Ungeniambia nibahatishe nisingelipata hata kwa mwaka.

Yule binti yangu mkubwa yeye alikuwa na hasira, anasema bibi ameenda na hakuna kilichobaki. Kwa mwenye umri wa kuelewa kuna kitu kimoja cha kibaiolojia nilimwambia na kikamtuliza kuliko mahubiri yangu yote. Mtoto wa kike akiwa bado tumboni, mayai yake ya uzazi yanakuwa yameshaumbika huko huko, anazaliwa nayo. Maana yake yai ambalo baadae lilikuja kuwa binti yangu lilianza ndani yangu wakati mimi mwenyewe niko ndani ya mama yangu. Bibi alishawahi kukubeba, nikamwambia. Na kuna jingine, wakati wa ujauzito seli za mtoto zinavuka kwenda kwa mama na za mama zinavuka kuja kwa mtoto, nyingine zinabaki miaka na miaka, mwaka 1996 watafiti waliripoti kukuta seli za mtoto wa kiume kwenye damu ya mama aliyekuwa amemzaa miaka 27 nyuma. Akaniambia "kwaiyo upo naye kidogo." Nikasema ndiyo, kidogo. Hakusema asante wala nini akaondoka, ila usiku nilimsikia anamsimulia mdogo wake na ameongezea chumvi.

Kitu ambacho hakuna aliyenionya ni kwamba mama akifa inakufa na ofisi. Yeye ndo alikuwa anajua nani kajifungua, nani anaumwa, nani hawaongei na nani na nani asikalishwe na nani. Mwanasosholojia Carolyn Rosenthal aliandika kuhusu hiyo kazi mwaka 1985, kwamba kwenye familia nyingi kuna mtu mmoja anayeshikilia ukoo, na mara nyingi ni mwanamke, na mara nyingi haionekani kama ni kazi. Sisi tulikuja kujua baada ya muda kwamba shangazi yetu alilazwa akatoka na hakuna hata mmoja wetu aliyepiga simu, maana zamani taarifa zilikuwa zinapita kwa mama, na sasa kila mtu alidhani mwingine anajua. Grupu la familia likawa kimya, picha za mawaridi za asubuhi tu. Tukakaa tukagawana. Mmoja anashika wazee, anapiga simu zamu kwa zamu hata kama hana jipya. Mwingine anashika tarehe za watoto. Daftari la mama lenye namba za watu, tarehe za kuzaliwa na madeni (ya watu wanaomdai na anaowadai, ameyakata kwa mstari wakilipa, wengine hajawakata mpaka leo na tunawajua) tumelipiga picha kurasa zote na kila mtu anazo. Mimi nimeona hii kazi ndo kumkumbuka kuliko hata kukaa na picha. Ila msimbebeshe mmoja kwasababu tu ni binti mkubwa, mtamuua naye.

Vitu vyake, kwa kifupi, gawaneni wote mkiwepo, na mjue ugomvi mara nyingi hautokei kwenye chenye thamani, utatokea kwenye kijiko au saa mbovu ambayo watu wawili wameipenda kwa sababu moja. Chukua kitu utakachokitumia kila siku kuliko cha kufungia sandukuni. Nguo yake moja ambayo haijafuliwa iweke kwenye mfuko wa nailoni uufunge vizuri usiingie hewa, harufu inakwenda kwenye ubongo kwa njia fupi hadi sehemu za hisia na kumbukumbu kwaiyo itakupiga kuliko picha. Usiifungue kila siku, itaisha.

Kama alikufa baada ya kuugua muda mrefu, kwa miezi ya mwanzo utamuona wa kitandani tu. Mimi nikifumba macho nilikuwa naona mkono wenye bomba la dripu na midomo mikavu, nikadhani basi ndo nitakayebaki naye, maisha yote ya mtu yamefunikwa na wiki za mwisho. Ilipungua yenyewe taratibu, na zile stori za akina barua zilisaidia kuisukuma. Tarehe yenyewe ya kifo ikikaribia utaona siku za kabla yake ni mbaya kuliko siku yenyewe. Mimi siku hiyo sikai nyumbani kuangalia ukuta, naenda kumtembelea mtu mzima ambaye hatembelewi, kama yeye alivyokuwa anafanya, na ninakaa kwa muda ambao yeye angekaa yaani mpaka mwenyeji aanze kupiga miayo.

Na kuna sehemu ambayo ushauri wa jukwaani uishie. Kama inapita miezi 6 na zaidi na bado siku karibu zote huwezi kufanya chochote, humtaki mtu, unahisi na wewe hukustahili kubaki, huo unaweza kuwa ugonjwa na una jina na tiba, Shirika la Afya Duniani limeuweka kwenye orodha yake mpya ya magonjwa iliyoanza kutumika 2022, na madaktari wa akili Marekani wameuingiza kwenye mwongozo wao mwaka huohuo ingawa wao kwa mtu mzima wanahesabu miezi 12. Mawazo ya kutaka kumfuata hayasubiri mwezi wowote, hayo unamwambia mtu leo na unapelekwa kwa mtaalamu leo. Kama baba yako bado yupo mwangalie pia, waliofiwa na wenza wao wanakuwa kwenye hatari zaidi ya kufa miezi ya mwanzo. Na mtu mzima yeyote aliyefiwa akilalamika kifua kinabana asiambiwe ni huzuni tu itapita, kuna hali ya moyo inayoletwa na mshtuko, madaktari wa Japani waliielezea kuanzia 1990, inawapata zaidi wanawake waliokoma hedhi na dalili zake zinafanana na shambulio la moyo, hospitali ndo watatofautisha sio nyie nyumbani.

Namba yake. Mimi sijafuta. Ila jua kwamba laini isipotumika muda mrefu kampuni za simu zinaifunga na baadae zinaigawa kwa mtu mwingine, kwaiyo siku moja utaona jina "Mama" na picha ya kijana ambaye humjui amevaa miwani ya jua. Ilinitokea, nikapiga kelele kazini. Ile namba andika kwenye daftari, hamisha mazungumzo na voisi zote pembeni kwanza, na kwenye simu badilisha jina liwe "Mama zamani" ili siku hiyo ikifika usishtuke kama mimi. Kama bado laini iko hai na simu iko kwa ndugu, mwambieni aiweke vocha mara mojamoja mpaka mmalize kutoa kila kitu, maana akaunti nyingi kufunguka kwake kunategemea meseji ya namba hiyo.

Yale maswali niliyowauliza wazee ninayo yote kwenye daftari, mtu akiyataka aseme nitayaandika hapa chini, saivi natakiwa kulaza watoto.